Brauza imeharibika kwa kompyuta ya zamani: uirekebishe palepale, uitoe uiweke upya, ama uhame kabisa?

Watu wengi hapa Mombasa, brauza ikianza vituko kwa kompyuta ya zamani, kitu cha kwanza ni kuitoa na kuiweka tena, ikikataa wanambebea fundi mashine, na fundi naye kwa haraka zake anafomati, basi paswadi zimeenda, bukmaki zimeenda, na baada ya siku chache shida ni ile ile imerudi. Inaniuma sana hii, manake mara nyingi hakukuwa na haja ya kufika huko.

Sikiza. Brauza si kitu kimoja, ni viwili. Kuna programu yenyewe, ile inayokaa kwa Program Files, na kuna profaili yako, yaani folda iliyojificha kwingine kabisa, yenye paswadi, bukmaki, historia, kuki (vijifaili vya tovuti vinavyokumbuka kwamba umeingia), setingi na ekstensheni (vile viprogramu vya kuongezea brauza uwezo). Ukitoa brauza unatoa programu. Profaili kwa kawaida inabaki palepale ilipokuwa, ikikungoja. Sasa kama kilichooza ni profaili, hata uinstoli Chrome asubuhi na jioni, ikiwaka inaenda kuchukua folda ile ile mbovu na kuanza pale ilipoachia. Na kwa mashine za zamani, kinachoharibika mara nyingi ni profaili, si programu. Stima inapotea ghafla brauza iko katikati ya kuandika faili, au hadidiski imechoka ina sehemu zisizosomeka, na faili zinazoandikwa kila dakika ndizo zinazoumia kwanza. Programu ikishainstoliwa haiandikwi andikwi ovyo, profaili inaandikwa kila ukifungua ukurasa.

Ndo maana swali la "nirekebishe ama niweke upya" halina jibu moja, lina jibu la wewe na mashine yako.

Angalia saa kwanza, tafadhali

Kabla hujagusa chochote tazama tarehe pale chini kulia. Ikiwa brauza inakwambia kila tovuti si salama, eCitizen si salama, benki si salama, Google yenyewe si salama, hapo usiilaumu brauza, mashine imepoteza tarehe. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, na kompyuta ikiamini leo ni Januari 2009 basi cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwake bado hakijaanza kazi. Kwa Chrome utaona yale maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID.

Kuna desktopu moja ya ofisi ndogo ya kliaringi kule Moi Avenue, Chrome ilikuwa imetolewa na kurudishwa na watu tofauti tofauti, kila mtu na lake, na kila asubuhi shida iko pale pale. Ukifungua ubavu wa ile mashine unaona betri ya duara ya madabodi, CR2032, na ule ulimi wa chuma unaoikamata umeshika kutu ya kijani, unajua hewa yetu ya bahari haichezi na chuma. Kupangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, betri mpya, tarehe kuwekwa sawa kwa BIOS, yaani setingi za mashine kabla Windows haijawaka, kila kitu kikafunguka. Chrome haikuguswa. Dalili ya betri kufa ni hii: saa inakuwa sawa ukiiweka, lakini mashine ikizimwa swichi ya ukutani usiku, asubuhi imerudi miaka nyuma.

Jua kwanza ni programu ama profaili

Kuna kipimo cha dakika moja na hakigharimu hata MB moja. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu kwa kile kidirisha andika chrome --guest kama unatumia Chrome, au firefox -P kama ni Firefox. Chrome itafungua dirisha la mgeni, halina ekstensheni zako wala setingi zako. Firefox itakuletea orodha ya profaili, unda mpya uipe jina lolote, ufungue nayo, ile ya zamani usiifute.

Ikienda vizuri kwa mgeni ama kwa profaili mpya, umeshapata jibu: programu ni nzima, profaili yako ndo mbovu, na kuitoa brauza uiweke tena ni kupoteza bando. Ikigoma hata huko, ama haiwaki kabisa, ama Windows inalalamika kuna faili la .dll halipo, ama Firefox inakupiga na "Couldn't load XPCOM", hiyo ni programu imevunjika, na hapo kuweka upya ndo dawa.

Halafu kuna ile ya Firefox kusema tayari iko wazi na wewe huioni popote. Wengi wanadhani imekufa. Mara nyingi ni ile ya kwanza haijafunga vizuri, imebaki nyuma ya pazia, nenda Task Manager uiue au zima kompyuta uwashe. Basi.

Kurekebisha palepale: hapa Firefox inaishinda Chrome

Kwa njia hii brauza hizi mbili hazifanani hata kidogo na ndo maana naichambua zaidi kuliko zingine.

Firefox, ukiandika about:support pale juu unapoandikaga anwani, upande wa kulia kuna kitufe cha "Refresh Firefox". Kinachofanya ni kukuundia profaili mpya kabisa na kuhamisha bukmaki, historia, paswadi, kuki na yale maneno ya kujazia fomu, halafu ekstensheni na setingi ulizochezea inaziacha nyuma. Na ile profaili ya zamani haitupwi, unaikuta kwa deski imeandikwa Old Firefox Data, kwa hivyo ukikosa kitu unarudi kukichukua. Huu ni uungwana wa hali ya juu kwa mtu ambaye hajawahi kufanya bakapu maishani mwake.

Chrome, ukienda chrome://settings/reset, inarudisha setingi za mwanzo, inazima ekstensheni zote, inafuta kuki na takataka za muda. Bukmaki, historia na paswadi zinabaki. Lakini kuki zikiondoka jua utaingia upya kila mahali, barua pepe, Facebook, kila kitu, kwa hivyo kama hukumbuki paswadi na laini ya simu inayopokea zile namba za kuthibitisha ilishapotea, simama kwanza. Na kubwa zaidi, Chrome haikuundii profaili mpya. Inasafisha ndani ya nyumba ile ile. Kama faili lenyewe la profaili limeoza, kwa mfano Chrome ikiwaka inakwambia profaili haikufunguka sawasawa, kuriseti hakutagusa shida yako.

Hapo kwa Chrome inabidi ufanye kwa mkono kile Firefox inachofanya yenyewe. Funga Chrome yote, bonyeza Windows na R, andika %LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data, utakuta folda inaitwa Default. Ibadilishe jina, sema Default-zamani, uwashe Chrome, itajiundia Default mpya. Ikishawaka ifunge, ingia Default-zamani unakili faili linaloitwa Bookmarks tu, ulibandike kwa Default mpya. Paswadi ziko kwa faili la Login Data, nalo unaweza kulihamisha hivyo hivyo maadamu uko kwa mashine ile ile na akaunti ile ile ya Windows. Lile faili la Local State lililo nje ya Default usiliguse, manake ufunguo wa kuzifungua paswadi umo humo. Na usibebe folda nzima kuipeleka kwa mpya, utakuwa umehama na kunguni wako.

Edge ukoo wake ni mmoja na Chrome kwa hiyo mambo ni karibu yale yale, ila kwa Windows 10 ina kitu cha ziada: kwenye orodha ya programu ukiichagua Edge na kubonyeza Modify unapata Repair, inadaunlodi programu upya bila kugusa data zako. Inataka intaneti lakini.

Narudi kwa Firefox kidogo kwa sababu kuna jambo watu hawalijui na limeokoa wengi. Ukifungua folda ya profaili, kwa about:support kuna kitufe cha kuifungua, ukaona faili linaitwa places.sqlite.corrupt, maana yake Firefox iligundua faili la bukmaki na historia limeharibika, ikaliweka kando na kuanza jipya. Ndo unafungua asubuhi unakuta bukmaki zako zote hazipo unataka kulia. Usilie. Ndani ya folda hiyo hiyo kuna nyingine inaitwa bookmarkbackups, na humo kuna faili kadhaa zenye tarehe kwenye majina yao, Firefox inaziweka yenyewe kimya kimya. Bonyeza Ctrl, Shift na O kwa pamoja, dirisha la maktaba ya bukmaki litafunguka, nenda pale pa kuingiza na bakapu, chagua kurudisha, uchukue tarehe ya kabla ya balaa. Historia hairudi kwa njia hii, lakini bukmaki zinarudi na folda zake zilivyopangwa. Ukiwa ulishakubali kufomatiwa mashine, hizo nazo zilienda.

Kutoa na kuweka upya: inafaa, lakini ina mitego yake

Kwanza tofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuinstoli juu ya iliyopo bila kuitoa, na kuitoa kabisa kisha kuweka. Kama programu imeharibika, kuinstoli juu yake mara nyingi kunatosha, faili za programu zinabadilishwa na profaili haiguswi. Ni salama zaidi na naipendelea hiyo. Kuitoa kabisa iwe ni baada ya hiyo kushindikana. Na kwa Firefox, ukishaitoa ingia Program Files ufute na folda ya Mozilla Firefox kama imebaki, ndo uweke mpya.

Kuinstoli juu pia ndo kuliwaokoa wale waliokuwa na Firefox ya kitambo 2025. Tarehe 14 Machi 2025 cheti kimoja kikuu cha ndani ya Firefox kiliisha muda, na yeyote aliyekuwa na toleo chini ya 128, ama kwa wale wa ESR (matoleo yanayopewa viraka vya usalama kwa muda mrefu) chini ya 115.13, ekstensheni zikaanza kuzimika. Ilionekana kama brauza imeoza, kumbe ilikuwa inadai apdeti tu. Kuriseti hakungesaidia kitu pale.

Mitego sasa. Wakati wa kutoa Chrome inakuuliza kama ufute na data zako za kubrauzi, kuna kisanduku cha kutia tiki. Ukitia tiki umefuta kila kitu, usipotia profaili mbovu inabaki. Kwa hiyo amua kwa kujua, usibonyeze tu ili mradi umalize.

Mtego wa pili ni paswadi. Paswadi za Chrome kwa Windows zimefungwa na akaunti ya Windows ya hiyo mashine, kwa hivyo ukibeba folda kwa fleshi ukaipeleka kompyuta nyingine, ama ukafomati ukairudisha, paswadi hazifunguki tena. Lazima uzitoe mapema kupitia sehemu ya paswadi ya Chrome yenyewe, inakupa faili la CSV. Faili hilo liko wazi, mtu yeyote akilifungua anasoma paswadi zako kama anasoma gazeti, usiliache kwa saiba wala kwa fleshi ya kuazimana, ukishaliingiza lifute. Firefox ni rahisi zaidi: faili mbili, logins.json na key4.db, ukizinakili zote mbili kwa pamoja umebeba paswadi zako, na zinafunguka hata kwa mashine nyingine. Moja bila mwenzake haina maana. Na kwa sababu zinafunguka popote, hizo nazo usizitupe tupe.

Mtego wa tatu ni bando. Ukienda kwa tovuti unapewa kifaili kidogo, unafurahi, kumbe hicho ni kianzio tu, kikiwaka kinaanza kuvuta programu nzima na neti ikikatika katikati unaanza upya. Kama unatumia data ya simu, tafuta lile faili kamili la kuinstoli bila intaneti, Google na Mozilla wote wanalo kwa saiti zao, lidaunlodi mara moja mahali penye wifai uliweke kwa fleshi. Na ingia saiti yenyewe kwa kuandika anwani, usitafute "daunlodi Chrome" ukabonyeza tangazo la kwanza linalotokea, hapo ndo watu wanaletewa brauza na vijidudu vyake.

Na mtego ambao ndo mbaya kuliko yote kwa mashine za zamani: Windows 7. Chrome 109 ya Januari 2023 ndo ya mwisho kukubali Windows 7, 8 na 8.1. Kuanzia 110, iliyotoka Februari 2023, inataka Windows 10 kwenda mbele. Edge nayo iliishia 109. Kwa hivyo ukiitoa Chrome yako ya 109 kwa Windows 7 halafu jirani akakupa faili la Chrome ya sasa kwa fleshi, halitawaka, na sasa umebaki huna brauza ya kudaunlodia brauza. Nakuomba sana, kwa Windows 7 usitoe kitu kabla faili la kile utakachoweka halijakuwa mkononi mwako na umeshahakikisha linafunguka.

Kuna shida ambayo njia zote mbili haziigusi

Nasema hili mapema kwa sababu linachosha watu. Unafungua brauza, ukurasa wa kwanza ni wa saiti ya ajabu, utafutaji unaenda kwingine, na kwa setingi kuna maneno kwamba brauza inasimamiwa na shirika lako, na wewe shirika huna, kompyuta ni yako ya nyumbani Kisauni. Hicho ni kirusi kimeandika sheria kwa rejista ya Windows, yaani daftari lake la ndani la setingi. Ukiriseti, sheria iko. Ukiitoa ukaiweka, sheria iko. Andika chrome://policy uone kama kuna kitu kimeorodheshwa, na kama kipo, kazi ni kusafisha mashine kwa antivairasi, brauza baadaye.

Ndugu yake ni usawazishaji wa akaunti. Umefuta kila kitu, umeweka Chrome safi, umeingia na akaunti yako ya Google, na ile ekstensheni mbaya inashuka tena yenyewe kutoka kwa akaunti. Ukiweka upya, kabla ya kuwasha usawazishaji chagua nini kirudi, bukmaki na paswadi sawa, ekstensheni na setingi ziache nje kwanza.

Kuhama: kwa Windows 7 hii ndo ningechagua

Kama mashine iko Windows 7 na huna mpango wa kuibadilisha leo, usijisumbue kuifufua Chrome 109. Hata ukifaulu umefufua kitu ambacho hakijapata kiraka cha usalama tangu 2023, na tovuti zinazidi kuikataa moja moja. Firefox 115 ESR, iliyotoka Julai 2023, nayo ndo ya mwisho kwa Windows 7, 8 na 8.1, lakini tofauti yake ni kwamba Mozilla waliendelea kuipa viraka vya usalama muda mrefu baada ya hapo, na tarehe ya mwisho wakaisogeza mbele zaidi ya mara moja. Kabla ya kuiweka angalia kwa saiti yao kama bado inahudumiwa siku unayosoma.

Kingine kinachoipa Firefox alama kwa mashine za kitambo, inabeba orodha yake yenyewe ya vyeti vikuu, haitegemei ya Windows. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu cha zamani kilichokuwa kinatumiwa na Let's Encrypt kiliisha, na mashine nyingi ambazo hazikuwahi kuapdetiwa zikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka. Waliokuwa na Firefox ya karibuni hawakuhisi kitu.

Supermium ipo pia, ni brauza iliyochongwa kutoka kwa Chromium, ule msingi Chrome imejengwa juu yake, ili ikubali Windows za zamani, hata XP. Inafanya kazi, na kama kuna saiti ya lazima inayotaka uwezo wa Chrome mpya itakusaidia. Ila inategemea mikono michache sana nyuma yake, mimi benki singeingilia huko.

XP yenyewe? Chrome iliiacha kwa toleo la 49 mwaka 2016 na Firefox ikaishia 52 ESR mwaka 2018. Iache ifanye kazi zisizohitaji neti.

Na uBlock Origin. Kwa mashine ya RAM ya GB 2 ama 4, kuzuia matangazo si anasa, kurasa zinashuka nyepesi na bando linadumu. Chrome mpya zimeshaizima ile ekstensheni kamili, zimebaki na toleo jepesi lake. Firefox bado inaikubali nzima. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kumfanya mtu ahame.

Kubadilisha mfumo wenyewe

Hapa sitakaa sana. Windows 10 iliacha kupewa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo hata hao wa Windows 10 swali hili linawajia. Brauza kwa sasa bado zinaikubali, hamna haja ya kukimbia. Kama mashine ni ya 64-bit, Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, inaanzia RAM ya GB 2, ingawa 4 ndo inakaa raha, na Firefox inakuja nayo na inaapdetiwa pamoja na mfumo. ChromeOS Flex, mfumo wa bure wa Google, inataka GB 4 na mashine isiwe ya kabla ya 2010. Zote mbili unaweza kuzijaribu kutoka kwa fleshi bila kufuta chochote, na ujaribu kweli, uone wifai inashika, printa inatoa, sauti inasikika. Kama kazi yako ni faili za Excel zenye makro, Linux itakusumbua, nakwambia mapema.

Ikirudi tena na tena

Umeriseti ikapona, baada ya muda mfupi profaili imeoza tena. Hapo acha kuishughulikia brauza, tazama diski. CrystalDiskInfo ni bure na ndogo, ikikuonyesha rangi ya njano na neno Caution, hadidiski yako inakata roho, nakili picha na nyaraka zako leo hii kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa buluu, endesha chkdsk /f, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha faili za diski, itakuomba uizime na kuiwasha mashine, iache imalize hata kama inachukua muda mrefu. Na kama pesa uliyonayo ni ya kitu kimoja tu, SSD ndogo (diski ya kasi isiyozunguka, badala ya hadidiski) kabla ya RAM. Mashine ya zamani inabadilika kabisa, na profaili inaacha kuoza kila stima ikienda, si kwamba haitaoza kamwe, lakini uandishi unaisha haraka na nafasi ya kukatwa katikati inapungua. Kama ni desktopu na mtaani kwenu stima inacheza, UPS pia, ile betri inayoshikilia mashine stima ikienda.

Wenye saiba, nyinyi geuzeni haya yote

Niliyoyasema juu ni ya mtu mwenye mashine yake na vitu vyake. Saiba ni kinyume. Mashine ya wateja haitakiwi kubeba kitu cha mtu, kwa hivyo pale sina huruma na profaili: toa Chrome, tia tiki kile kisanduku cha kufuta data, weka upya kutoka kwa fleshi, umemaliza kabla mteja hajachoka kusubiri. Nimeona mashine za saiba zilizo na paswadi za eCitizen na iTax za watu chungu nzima, mteja akiandika herufi moja tu majina ya wengine yanajitokeza kwa orodha. Hiyo ni hatari kwa wateja wenu na ni mzigo kwenu.

Tengeneza njia ya mkato kwa deski, ibonyeze kulia, nenda properties, na mwisho wa ile anwani ya chrome.exe baada ya alama za kufunga nukuu acha nafasi uongeze --guest. Kwa Firefox ongeza -private-window. Hizo nyingine zilizobandikwa kwa ule mstari wa chini zitoe, wateja wafungulie hapo tu. Madirisha yote yakifungwa historia na kuki hazibaki, ila faili zilizodaunlodiwa zinabaki, profaili hainenepi, na ikifika wiki ya mwisho ya Juni watu wamejaa mpaka mlangoni wanataka kufaili ritani kabla ya tarehe 30, hutakuwa unapigana na brauza. Faili kamili la kuinstoli liwe kwa fleshi droo ya kaunta, na ulibadilishe kwa toleo jipya kila baada ya miezi michache, manake ukiweka la mwaka juzi litaanza kujiapdeti lenyewe kwa mashine zote kwa wakati mmoja, na hapo neti ya saiba nzima imeenda.